Mbuzi wa Betri

Mzenga, Jumanne usiku

Nimemwambia mwenyekiti wa kijiji mbuzi wangu haliwi, na kesho nitasema hivyo hivyo, mbele ya kijiji kizima.

Mkutanoni tuliambiwa fedha za serikali za kununulia redio na betri za jeshi hazitoshi, vita vinakula kila kitu, kwa hiyo kila kaya itoe ilichonacho. Nilimtoa mbuzi wangu bila kunung'unika. Mwanangu Hamisi yuko huko mbele, kazi yake ni kubeba redio ya kikosi. Alipopita kuniaga alisema betri ikifa, redio ni jiwe tu mgongoni, na inabidi mtu atumwe kukimbia na ujumbe risasi zikilia. Najua atakayetumwa.

Leo nimemkuta mbuzi wangu nyuma ya ofisi ya kijiji, kisu kinanolewa. Eti kesho anakuja mgeni kutoka wilayani kupokea michango, lazima ale pilau.

Nikafungua kamba.

"Mama Hamisi, unatuaibisha," akasema mwenyekiti.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikamjibu, maana ni mkubwa kwangu. "Lakini huyu si kitoweo. Huyu ni betri."

Naogopa, sikatai. Wanaweza kuninyima sukari pale duka la ushirika. Waninyime.

Nimemfunga mbuzi kwenye mguu wa kitanda, chumba kizima kinanuka. Kesho nitamkabidhi mgeni kamba mkononi, mbuzi akiwa hai, watu wote wakiona. Mgeni akisikia njaa, mihogo ipo. Ndiyo anayokula mama wa askari.