Chui wa Kiingereza Alizaliwa Nje

Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi na kuacha tope jekundu hadi mlangoni. Upepo hakuna, kwa hiyo moshi wa kiwanda cha shaba umelala juu ya mabati yetu na koo linaniwasha. Watoto wako kwa jirani. Nimekaa jikoni peke yangu, na ninaogopa.

Niseme wazi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Mdomo wangu umeniponza.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana. Kiingereza nilikipata Kitwe, Zambia, kwa mama mdogo, nilikolelewa hadi baba alipopata kazi ya reli huku Lubumbashi na kuniita. Juzijuzi mkuu wetu wa shule alitoa amri: kila mwalimu afundishe somo moja juu ya chui, kwa kuwa chui ndiye mnyama wa nembo ya nchi. Mwalimu wa hesabu aliwapa wasichana kazi ya kuhesabu madoa yake. Mimi nilichukua jina lake la Kiingereza, leopard, nikaenda nalo mbali kuliko nilivyotumwa.

Nilipenda kuonekana najua. Hilo nalo niliseme.

Niliwaeleza kwamba jina lile si la Waingereza. Walilipokea kutoka kwa Wafaransa, nao kutoka kwa Walatini, nao kutoka kwa Wagiriki. Ndani yake mna wanyama wawili. Leo, kwa Kilatini, ni simba. Pard ni jina la kale la chui dume. Wazee wa Ulaya waliamini kwamba chui wa kawaida hana kabila lake mwenyewe: simba jike alitoka nje ya nyumba yake, akaenda na pard, na huyo ndiye mtoto waliyemzaa. Niliwaambia pia kwamba zamani, kwenye ngao za wafalme, leopard lilikuwa jina la simba anayetembea huku amekugeuzia uso. Wasichana waliyaandika yote daftarini. Nilitoka darasani nimevimba kichwa.

Kumbe walikuwa wanapokea wimbo.

Siku hizi hakuna sherehe bila animation, yaani nyimbo na ngoma za kukisifu Chama kinachotawala. Kazi inasimama, shule inasimama, watu wanacheza. Hapa kwetu kila darasa hutunga wimbo wake, na mwalimu haruhusiwi kuugusa, ili isemwe kwamba sifa zimetoka kwa vijana wenyewe. Jumamosi hii wageni wa migodi ya Zambia wanavuka mpaka wa Kasumbalesa kuja kutuona, na Kamishna wa mkoa mwenyewe atakaa jukwaani nao. Darasa langu likaamua kuimba kwa Kiingereza.

Niliusikia wimbo kwa mara ya kwanza Jumatatu, uwanjani, mbele ya mjumbe wa Chama anayesimamia shule yetu, citoyen Mbayo, yaani mwananchi Mbayo, kama tunavyoagizwa kuitana. Ubeti wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulisema, kwa Kiingereza safi nilichowafundisha mimi, kwamba lion, mama yake leopard, alitoka nje, na leopard ni mtoto asiye wa ndoa.

Mnyama wa nembo! Yule ambaye ngozi yake wakubwa huivaa kichwani! Mwalimu wetu wa historia alitania jambo dogo kuliko hilo wakati wa kunywa chai, akahamishiwa shule ya porini, na mke wake mpaka leo hajui barabara ya kufika huko.

Nikamwangalia Mbayo. Anapiga makofi.

"Citoyenne Ngoie, hii chanson iko bien sana!" akaniambia. "Simba iko mule, chui iko mule! Bantu ya Zambie batashangaa."

Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa amesikia majina mawili ya wanyama wakubwa, yanayofanana na ya Kifaransa, na hayo yakamtosha.

Usiku ule mume wangu, Baba Monga, alisema jambo la akili: nikamwone Mbayo, nimwambie ubeti wa pili ni mgumu kuuimba, tuukate. Nyumba hii ni ya kampuni ya shaba iliyomwajiri mume wangu. Mke akiharibu, mume anaitwa ofisini, na nyumba inakwenda. Hakusema hilo kwa sauti, lakini aliipapasa ile fremu ya mlango alivyozoea kufanya akiwa na wasiwasi.

Nilikwenda jana. Mbayo alicheka mpaka akafungua kifungo cha shingoni cha abacost yake, lile koti la wanaume wa Chama.

"Kukata? Nilisha kuiimbia Kamishna ku ofisi yake! Alipenda sana. Na amesema weye utasimama naye ku micro, utatafsiri yote, mot à mot, watu wote basikie."

Neno kwa neno. Kwa kipaza sauti.

Kwa hiyo mtego ndio huu. Nikimweleza Mbayo maana ya ubeti, nimemwambia kwamba ameimba tusi mbele ya mkubwa wake, naye atajiokoa kwa kunitupa mimi. Nikinyamaza, wageni wanajua Kiingereza, wataelewa na watacheka. Nikiugua ghafla, ataletwa mtu mwingine anayejua Kiingereza, naye atatafsiri bila huruma. Nimezunguka humo tangu jana kama kuku aliyefungwa mguu.

Leo asubuhi nikaona njia. Mbayo hakuwepo kwa sababu ya mvua. Niliwaita wasichana darasani, nikawaambia tubadilishe mstari mmoja tu. Badala ya mtoto wa nje, tuseme mtoto wa simba. Ni rahisi, mdundo haupotei, na Kamishna hatajua tofauti. Wote waliinamisha vichwa, isipokuwa Mwadi.

Mwadi ni msichana mrefu wa dawati la nyuma. Haongei. Huwa namsahihishia kazi zake bila kukumbuka uso wake.

"Citoyenne Prof," akasema, "ule wimbo ni miye niliutunga."

Nilidhani anataka kuomba msamaha. Nikamwambia hana kosa, hakujua.

"Apana. Nilijua. Mama yangu iko bureau ya pili. Ku nyumba ya baba siingiake, na ku ukoo yake hawanitajake. Ile siku mulitufundisha, nilirudia ile neno njia yote mpaka ku nyumba. Kumbe hata chui balimuzala inje. Na pori yote inamuogopa."

Darasa zima lilikuwa linanitazama mimi, si yeye. Mji huu unawajua mabwana wenye bureau ya pili, yaani nyumba ya mwanamke wa pembeni, hata unawataniatania. Watoto wa nyumba hiyo hauwatanii, unawapita tu. Na huyu alikuwa amesikia tusi langu la kamusi akaona ni sifa. Hakumdhihaki chui hata kidogo. Alikuwa anamsifu kwa namna pekee ambayo yeye anaweza kumsifu mtu yeyote.

"Munataka tuikate?" akaniuliza.

Nikasema nitawajibu kesho. Aibu ilinishika. Walipokuwa wanatoka, Mwadi alirudi hadi mezani kwangu na kusema kitu kingine, taratibu, wengine wasisikie.

"Mama atakuya Jumamosi. Anglais hajui. Atasikia tu yenye mutasema."

Sasa nimekaa hapa na pasi ya makaa. Nanyoosha kitenge cha sherehe, kile chenye vichwa vya chui, ambacho walimu wote tumeagizwa kuvaa. Kila kichwa kimegeuza uso mbele. Popote ninapopitisha pasi, kuna mmoja ananitazama.

Sijui nitafanya nini na wageni wakicheka. Sijui Baba Monga nitamwambia nini, naye anarudi kutoka kwenye tanuru la shaba amechoka, ananiuliza kama mambo yametengenezeka. Nitamdanganya leo. Nimeshajua kwamba nitamdanganya.

Nimejaribu kutamka uongo ule mdogo kwa sauti hapa jikoni: mtoto wa simba. Unatoka bila shida. Halafu namwona mama mmoja, ambaye sijawahi kukutana naye, amesimama nyuma kabisa ya uwanja ambako watu kama yeye huwekwa, ametega sikio asikie binti yake ametunga nini, na anasikia habari za simba.

Kesho nitawaambia waimbe kama walivyotunga. Jumamosi nitashika kipaza sauti karibu na Kamishna, na ubeti wa pili ukifika nitausema kwa Kiswahili chetu, kwa maneno ya Mwadi mwenyewe, polepole, ili ufike hadi nyuma: balimuzala inje, na pori yote inamuogopa.

Nimekiunguza kitenge kidogo kwenye pindo.