Mama si Pipa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kazini. Mimi ni dereva – ila siruhusiwi kuendesha! Gari linajiendesha lenyewe. Mimi nakaa tu, mguu karibu na breki. Juu ya paa kuna kidude kama sufuria, kinazunguka kikirusha miale ya leza. Miale ikigonga kitu inarudi, gari linajua kuna nini na kiko mbali kiasi gani. Kwenye skrini kila kilicho barabarani ni rundo la vitone, juu yake jina: mtu, baiskeli, mbwa.

Mama kauliza, nalipwa kwa kukaa? Nikasema ndiyo. Kacheka hadi kashika mbavu.

Jumatano, 5 Machi

Aibu ya mwaka! Tumepita mtaani kwetu. Mama anavuka na toroli lake la udobi, mashuka ya wateja yamemzidi kimo. Skrini ikaandika: PIPA. Mama yangu mzazi!

Fundi wa mitambo, kiti cha nyuma, akasema ni kosa dogo. Dogo! Mtu husubiriwa avuke. Pipa hupitwa ubavuni, maana mapipa hayatembei. Nikakanyaga breki. Fundi kanuna, eti nimemharibia jaribio. 

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia Mama, nikitumaini atabadili njia. Wapi! Hakuogopa, kawaka. Afue mashuka ya mtaa mzima, halafu aitwe pipa? Nikamweleza leza haina dharau, inaona umbo tu, na mashuka yanamziba. Akasema basi inunuliwe miwani.

Njia habadili. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika humu humu garini. Tumesimama katikati ya barabara.

Mama katokea na toroli. PIPA. Nikashika breki. Kaja mbele, kainua mikono – MTU! Karudi nyuma ya mashuka – PIPA tena. Sasa hatoki mpaka aitwe mtu akiwa kazini, na toroli lake. Honi nyuma yetu, usiseme.

Fundi kashuka. "Shikamoo mama, naomba utupishe, tutarekebisha ofisini."

"Marahaba. Hiyo shikamoo umempa pipa?"

Fundi karudi garini, anabonyeza kompyuta, jasho linamtoka. Skrini inapepesa. PIPA. MTU. PIPA. Ananiomba niachie breki kidogo tu, tuone gari litaamua nini.

Siachii.