Kidonge Ndani ya Uji

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimesaga kidonge cha Neema kwa mgongo wa kijiko, nikakoroga kwenye uji. Sukari nyingi. Akanywa wote. Baba yake alikuwa zizini. Tangu yule mhubiri aje hapa Akheri na jenereta na vipaza sauti, Elirehema anaamini binti yetu ameponywa kifafa. Dawa alizitupa chooni. Nilinunua nyingine mjini, nikaficha kwenye debe la unga. Naishi kama mwizi jikoni kwangu.

Jumapili, 19 Machi
Neema hajaanguka tena. Leo Elirehema alisimama mbele ya mkutano, akamnyanyua mtoto juu, akashuhudia. Watu walilia. Hata mimi nililia, na kila mtu alidhani ni furaha.

Mhubiri huyu ndiye aliyemwachisha mume wangu pombe. Nyumba yetu imetulia. Elirehema ana sababu ya kuamini. Mimi nina sababu ya kunyamaza.

Jirani yangu, Mama Elibariki, alimtazama Neema muda mrefu. Mwanawe ana ugonjwa huohuo. Tulikuwa tukienda kliniki pamoja.

Alhamisi, 30 Machi
Elibariki amekufa. Alianguka akichota maji, uso ndani ya mfereji. Maji yenyewe hayafiki magotini. Mama yake alimwachisha dawa tangu siku ya ushuhuda wetu.

Siwezi kuandika.

Jumamosi, 1 Aprili
Tumemzika kwenye migomba. Wale wa mkutano wanasema imani ya mama ilikuwa haba. Mtoto akipona, ni imani. Akifa, imani ilipungua. Basi hakuna kitu duniani kitakachowaonyesha kwamba wamekosea. Na ushahidi wao mkubwa ni Neema. Ni mimi niliyewapa.

Najichukia.

Jumatatu, 10 Aprili
Jumatatu iliyopita niliweka vidonge mezani mbele ya Elirehema, nikamwambia kila kitu. Nilidhani angenipiga. Akasema tu, "Basi Mungu alitumia mkono wako."

Nikamwuliza, mkono wa Mama Elibariki aliutumia nani? Alichukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Sasa nampa Neema dawa waziwazi. Baba yake hutazama pembeni. Jana aliitwa kushuhudia tena, akaenda.

Jumatano, 12 Aprili
Nimekwenda kwa Mama Elibariki. Alikuwa barazani anachambua maharage. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, tangu uji wa kwanza. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Usiniambie hivyo, Mama Neema," akasema. "Kama ni imani yangu ilikuwa ndogo, naweza kutubu. Kama ni kidonge, nitafanya nini?"

Nilivuta ungo mwingine, nikakaa kando yake. Tulichambua mpaka manyunyu yalipoanza, tukaingiza maharage ndani.