Kikombe cha Bati Kutoka Roret

Silibwet,
27 Julai 2024

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Huku baridi imetushika vizuri, majani chai yako na umande mpaka saa nne, lakini tunaamka na tunakula. Mwanao Gibson ni mzima. Mapacha ni wazima kupita kiasi; jana Cheptoo alimwaga unga sakafuni, Lynn akamwaga maji juu yake, wakaniita ati nije nionje ugali. Je, goti lako? Ile dawa ya kupaka aliyokuletea jirani yako Caren imesaidia? Na Kipruto wangu huko kwako, meno ya mbele yameanza kung'oka?

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu hatusikilizani. Unaitikia "eeh, eeh," na mimi najua sikio halijashika neno. Barua utavaa miwani uisome polepole.

Kaka yangu wa Naivasha ametutafutia mahali pa kukaa siku chache kando ya ziwa, kwenye kampi ya mtu anayemfahamu. Gibson amepata likizo, lori la majani litaendeshwa na mwenzake. Tangu tuoane safari zetu zote zimekuwa za mazishi au hospitali. Nimechoka, Mama. Silalamiki, nakuambia tu jinsi ilivyo. Nataka watoto wangu waone ziwa, na nataka waende wote watatu. Naomba Kipruto.

Tena nitasema lote sasa, usije ukasema nilikuzunguka. Januari anaingia darasa la kwanza, na nataka aingie akitokea nyumba hii. Ulimchukua mapacha walipozaliwa, mimi nimeshonwa tumbo, hata sufuria siwezi kuinua. Hakujua kufunga kifungo. Ukamlea kama yai. Hilo sitalisahau mpaka nizeeke. Lakini Pasaka alipokuja hapa aliniita "Mama Lynn", kama jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Niliingia jikoni nikakata kitunguu ambacho sikuwa na kazi nacho.

Naomba, sigombani.

Ni mimi binti yako,
Muthoni


Roret,
3 Agosti 2024

Mama Lynn,

Barua imefika, Caren ameileta pamoja na sukari. Tuko salama. Goti liko palepale, kama mgeni aliyesahau kwao. Jino moja limetoka, alilimeza na mahindi, akalia akitaka tulitafute. Nimemwambia litajitafuta lenyewe.

Anakuita Mama Lynn kwa sababu ndivyo sisi wote tunakuita huku. Sikumfundisha. Lakini pia sikumkataza.

Mchukue. Caren atamleta kwenu akija soko. Sasa nisikilize.

Hanywi chai na kikombe kingine, ni kile cha bati tu, chenye mkono uliopinda. Kiko kwa mfuko wake. Usiku anapiga mateke, usimlaze katikati ya mapacha.

Akiwa mbali, usimwite kwa mdomo, hasikii, au anasikia na anajifanya. Na mimi kwa hili sikio langu nilichoka kupiga kelele. Nilimzoeza hivi: napiga kikombe na kijiko mara tatu, halafu nanyamaza. Hata akiwa na ng'ombe kule chini mtoni, ataacha yote aje. Lakini usikipige bure. Lazima kuwe na kitu ndani. Ukimdanganya siku moja tu, umekiharibu na hakuna wa kukitengeneza.

Hilo la Januari. Usimuulize mtoto anataka kukaa na nani. Huo ni mzigo wa watu wakubwa. Akirudi huku nitamwangalia, nitajua, nitakuambia. Nikisema bado, ni bado, na hatutagombana mbele ya watu wa kanisa.

Mfungie sweta.

Mama yako,
Gogo, nyanya yake Kipruto


Naivasha,
13 Agosti 2024

Kwa Mama,

Natumai hii inakukuta kama Kipruto alivyokuacha, na goti limekumbuka kwao. Naandikia mezani hapa kampi, watoto wamelala mchana. Barua itakuja na Kipruto mwenyewe, iko chini ya nguo zake.

Sweta nilifunga, Mama. Nilifunga sweta za kila mtu, kofia za sufu, soksi nzito na gambuti za matope. Tukashuka hapa saa sita, jua linachoma, watu wengine wako na kaptula. Tulionekana kama kikosi kinachokwenda kuchuma chai alfajiri. Gibson akasema, "Muthoni, kwani uliwafungia kwenda Mlima Kenya?" Nikamwambia avue na anyamaze.

Kipruto alipoona ziwa alisimama muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii maji ni ya nani?"

Gibson akamwambia, "Ni ya Mungu."

"Na ng'ombe zake ziko wapi?"

Tumbili wa hapa hawana adabu. Mmoja alikuja akachukua chapati mkononi mwa Gibson. Gibson akamwambia, "We! Rudisha!" kama anaongea na utingo wake. Tumbili akapanda mti, akala akimwangalia machoni. Cheptoo akamhurumia kwa kuwa hana viatu, akamrushia chake kimoja. Hakikurudi. Amemaliza likizo na kiatu mguu huu na gambuti mguu ule, na hataki kusikia lingine.

Tukapanda boti. Mwanao, ambaye anaendesha lori lenye majani kwenye matope ya Bomet na mkono mmoja, alifumba macho tangu tuondoke, akaimba nyimbo za kanisa mpaka tukarudi. Lynn akamvuta shati: "Baba, tumefika mbinguni?" Mwenye boti alicheka akakaribia kuacha usukani. Mama, nimecheka hapa mpaka mshono wangu wa zamani ukauma. Nilikuwa nimesahau jinsi Gibson anavyochekesha. Nyumbani tunaonana kama watu wanaopishana mlangoni.

Sasa nitakuambia lile ambalo Gibson alisema nisikuambie.

Kati ya kampi na ziwa kuna waya. Askari wa hapa, Okoth, alituonya siku ya kwanza: "Jioni viboko hutoka majini kula nyasi. Giza likiingia tunawasha stima kwa waya. Kabla ya hapo, kila mzazi na macho yake." Nikaitikia. Jana jioni nilikuwa bombani nasuuza vyombo, mapacha wako kwa beseni. Gibson alikuwa ameenda kutafuta makaa. Chai ya Kipruto nilikuwa nimeshaimimina kwenye kikombe chake cha bati, inapoa kando yangu. Nikainua kichwa.

Alikuwa ng'ambo ya waya. Ana fimbo. Anatembea polepole kuelekea kitu kikubwa cha rangi ya matope, kimempa mgongo, kinang'oa nyasi. Na nikamsikia, kwa ile sauti yako wewe kabisa: "Ah! Ah! Toka! Toka kwa nyasi ya watu!"

Alidhani ni ng'ombe, Mama. Ng'ombe wa mtu ametoroka, anakula shamba la wenyewe, na hakuna mwenye kumrudisha. Alikuwa anafanya kazi uliyomfundisha.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Okoth alinishika bega kwa nguvu, alama iko mpaka leo. Akaninong'oneza, "Mama, usipige kelele. Ukipiga kelele kijana atakimbia. Kikimwona anakimbia..."

Jina lake lilikuwa kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikachukua kikombe na kijiko kilichokuwa mkononi, nikapiga mara tatu, taratibu, nikanyamaza.

Kipruto akasimama. Kiboko naye akainua kichwa, masikio yakazunguka. Nikapiga tena mara tatu.

Mama, yule mtoto aligeuka akampa yule mnyama mgongo, akaja anatembea tu, fimbo inaburutwa nyuma, kama anapanda kutoka kwenu mtoni. Tena ananung'unika: "Na haijatoka bado." Okoth alimpokea juu ya waya akamweka chini. Kiboko akarudi kwa nyasi zake.

Kipruto akaniuliza, "Chai iko wapi?"

Chai ilikuwepo. Nusu ilikuwa imemwagikia miguu yangu. Akanywa, akasema imepoa, na ile ng'ombe haina pembe, na ni vibaya sana kuiacha bila mtu.

Sikumchapa. Nilichuchumaa, nikamshika mashavu, nikamwambia mara moja: "Hapa, kabla ya kuenda popote, unaniuliza mimi. Umenisikia?"

Akasema, "Nimesikia, Mama Lynn."

Usiku huo Gibson alilia kwa kujificha, na mimi nikajifanya nimelala. Ungeweza kusema sikumchunga, na ni kweli nilikuwa nimeinama kwenye vyombo. Lakini sitaki ulisikie kwa mtoto kwanza. Na nataka ujue: mkono uliopiga ni wangu, lakini kazi ni yako ya miaka yote hii. Kama usingemzoeza, ningekuwa naandika barua nyingine. Nashukuru, Mama. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Amua utakavyoona.

Binti yako,
Muthoni


Silibwet,
22 Septemba 2024

Kwa Mama,

Hujambo huko? Sisi tupo. Caren anasema uko na nguvu na barua uliipokea. Anasema uliisoma, ukaikunja, ukaingia ndani.

Sikusukumi. Nimetandika kitanda cha Kipruto karibu na dirisha, si katikati ya mapacha. Sare ya shule sijanunua. Nilikubali neno lako, na nalingojea.

Mapacha wanasema Gogo aje aone gambuti ya Cheptoo.

Binti yako,
Muthoni


Roret,
24 Novemba 2024

Mama Kipruto,

Nakusalimu wewe na watu wa nyumba yako. Huku mvua imepungua, maziwa yapo, mimi nipo. Kijana wako yupo, jino jipya limeota limepinda kidogo kama la babake.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikasirika. Barua yako niliiweka chini ya godoro na nikailalia. Nilisema, huyu msichana amenipokonya mtoto siku chache tu, akampeleka mbele ya kiboko, halafu ananiandikia asante. Nilikuwa nimeshapata jibu la kukupa, na halikuwa zuri.

Wiki iliyopita nilikuwa nasuka kikapu nyuma ya jikoni. Kipruto hakuniona. Alikuwa anacheza na watoto wa Chepkemboi wa hapa jirani. Ndama wangu ndiye alikuwa kiboko, maskini, amefungwa anavumilia. Msichana mmoja amepewa kikombe.

Kipruto akamwambia, "Wewe uwe mama yangu. Usipige kelele. Mama yangu hakupiga kelele."

Msichana akasema, "Mama yako yupi? Si uko na Gogo tu?"

Kijana akakasirika! "Niko na mama yangu wa Silibwet. Yeye ndiye alishinda kiboko na chai!"

Niliweka kikapu chini.

Sikiliza, Mama Kipruto. Usiku huo niliitoa barua yako nikaisoma tena. Na nikajiuliza, ningekuwa mimi pale kwenye hiyo waya, ningefanya nini? Ningepiga kelele. Ningepiga kelele zisikike mpaka Litein. Wewe ulikuwa na jina lake mdomoni na ukalimeza. Hilo mimi sikukufundisha.

Nunua sare. Suruali iwe kubwa kidogo, anarefuka. Caren atamleta shule ikikaribia kufunguliwa. Likizo zote anakuja kwangu, Aprili, Agosti na Desemba, hilo sitaki tujadiliane. Na kikombe kitabaki huku. Mtoto anakwenda, kitu kimoja kibaki na mimi nikiangalie.

Asante kwa kuniambia mwenyewe. Wengine wangeficha.

Mama yako,
Rebeccah


Silibwet,
19 Januari 2025

Kwa Mama,

Tunakusalimu tukiwa wengi sasa, nyumba imejaa. Jua la Januari linakausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Uzima upo. Kipruto ameanza shule, mwalimu anasema anajua kuhesabu lakini anahesabu ng'ombe tu. Akipewa machungwa anakataa. Suruali ni kubwa, tumeikunja. Usiku wa kwanza na wa pili aliamka akikuita. Sikumnyamazisha. Nilikaa naye tukakutaja mpaka akalala. Asubuhi ya tatu alikuja jikoni akasema, "Mama, soksi yangu moja imepotea." Hivyo tu, kama amekuwa akiniita hivyo maisha yake yote. Nikatafuta soksi nyumba nzima, na ilikuwa mkononi mwangu.

Jana Caren alileta mzigo wako. Maharagwe, ndizi, maziwa ya mgando ya mursik kwenye kibuyu, na ndani kabisa, kimefungwa kwa leso yako ya kanisani, kikombe cha bati.

Nilitafuta barua. Niligeuza mfuko, nikakung'uta leso, nikamuuliza Caren. Akasema, "Hakunipa barua. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena, akaniambia niende haraka."

Basi nikaelewa, Mama, na leo sitasema mengi.

Jioni watoto walikuwa kule chini kwenye chai. Nilimimina mursik kidogo ndani, nikasimama mlangoni, nikapiga mara tatu, nikanyamaza. Kipruto alitokea mbio, mapacha nyuma yake, Cheptoo na gambuti yake. Alifika mpaka kwangu, lakini hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu, ndani ya nyumba, akaangalia langoni.

"Gogo yuko wapi?"

Zamani ningeenda kukata kitunguu. Leo nilimpa kikombe akanywa, nikamwambia, "Gogo anakuja." Akaniuliza lini. Na wewe ndiye uliyenionya nisimdanganye hata siku moja.

Kwa hiyo umesikia. Si ombi hili. Gibson atapita na gari Jumamosi, ufunge nguo za wiki mbili, ng'ombe ataachiwa Chepkemboi. Nimekuwekea kitanda cha chini, goti lisipande. Likizo ni zako kama ulivyosema, sikatai. Lakini na sisi tunakutaka hapa katikati, mimi nikiwa wa kwanza. Ulinilelea mtoto, halafu ukanirudishia. Hata nikihesabu mema yote ya watu wengine, hayafiki hapo.

Kikombe nimekitundika kwenye msumari kando ya mlango, na kijiko chake. Ukifika usipige hodi. Kichukue ukipige wewe. Chai itakuwa ndani.

Mama Kipruto