Mgongo wa Célestin na mikono ya kaka yangu Djuma

Mpendwa Mama Hélène, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nyumbani nimekosa mtu wa kumwambia neno hili, na wale wawili ambao ningewaambia njo hao hao wenye shida.

Mimi naitwa Safia, nauza mchele sokoni hapa Kindu. Bwana yangu ni Célestin, anapakia magunia stesheni. Kaka yangu mkubwa ni Djuma, ambaye mji mzima unamjua kwa kukanda watu, ukishikwa shingo, ukiteguka bega, goti likivimba, watakuambia nenda kwa Djuma, na kweli watu wanaingia kwake wamejikunja wanatoka wamenyooka, hata mimi amenitibu shingo iliyokazwa na beseni la mchele.

Célestin aliponiposa Djuma hakumtaka, kwa sababu sisi ni Waislamu na yeye ni Mkatoliki, lakini vita ikaja, treni ikasimama, wote wawili wakawa wanasukuma baiskeli za mchele kutoka Kibombo, na siku moja watu wenye bunduki wakawakamata wawabebee mizigo, Célestin akaanguka, wakampiga kiunoni kwa kitako cha bunduki wakamwacha hapo wakidhani amekufa, Djuma akawatoroka, akarudi kumchukua, akambeba mgongoni ndani ya pori mpaka akamfikisha Kindu. Tangu hapo wamekuwa ndugu kuliko mimi na Djuma. Baadaye Djuma akakimbilia Kigoma, akaishi na mzee mmoja aliyekuwa akinyoosha migongo ya wakimbizi, njo kule alijifunza kazi, na aliporudi mgongo wa kwanza aliounyoosha ulikuwa wa Célestin.

Miaka yote maumivu yakija Djuma anamkanda na yanapoa. Ila kiangazi hiki mambo yamebadilika, moto unatoka matakoni unashuka hadi kisigino, kwanza mguu mmoja, sasa yote miwili, sandali inamvuka njiani naye hajui mpaka watu wamwite. Djuma alimlaza akamzungusha kiuno mpaka kikalia, Célestin akasema amepata nafuu, kumbe alidanganya ili asimvunje moyo. Juzi nikamkuta nyuma ya nyumba anafua suruali yake mwenyewe, mtu ambaye sijawahi kumwona na sabuni mkononi. Nikamuuliza. Akasema, “Mukojo unakuja bila kupiga hodi, Safia. Na nikikaa, sisikii kiti.” Akaniapisha nisimwambie Djuma.

Nikamwomba twende hospitali, akakataa, akasema kwenda kwa munganga mwingine ni kumtukana Djuma mbele ya watu wote. Nikaenda kwa Djuma, sikutaja mkojo, nikamwambia tu kwamba miguu imezidi, labda hospitali. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akasema, “Mimi nilimubeba huyu muntu wakati alikuwa anakufa. Leo nishindwe na mugongo wake?” Amesema Ijumaa akitoka msikitini atakuja kumkanyaga mgongo kwa nguvu zake zote ili mfupa urudi mahali pake.

Nikisema siri ya bwana yangu, nimemvua nguo mbele ya shemeji yake. Nikinyamaza, Ijumaa inafika. Mama, nishike njia gani?

Safia, Kindu

*

Safia, barua yako niliisoma Jumatano asubuhi na sikungoja kipindi cha redio. Nilipiga namba uliyoandika chini yake. Mwenye kuumwa mgongo tu anaweza kunisubiri redioni. Ambaye miguu yote miwili inalegea, makalio yamekufa ganzi na mkojo unamtoka bila habari, huyo hasubiri hata jioni. Anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na njiani hakuna mtu wa kumkanda.

Uliniuliza utamwambia nini Djuma. Nikakujibu kwamba hilo ni swali la kesho, nikaomba niongee na Célestin mwenyewe. Alianza kunieleza wema wa shemeji yake. Nikamkata maneno. Nikamwambia, “Unamlinda Djuma leo ili Ijumaa awe mtu aliyekulemaza.” Nikasikia anakuomba shati.

Wasikilizaji wajue kilichoonekana hospitali. Kati ya mifupa ya kiuno kuna visahani laini. Kimoja cha Célestin kilitoka mahali pake kikabana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni na kwenye kibofu. Alipasuliwa. Miguu inarudi polepole, na mazoezi ameshaanza. Mkojo bado haujamtii vizuri, na daktari hakuwaahidi kwamba utarudi wote. Angefika mapema, pengine ningekuwa na habari nzuri zaidi. Hilo nawalaumu wote wawili, Célestin kwa kuficha na wewe kwa kuzunguka zunguka na nusu ya habari. Ulikwenda kwa kaka yako ukamwambia miguu, ukaacha mkojo. Ulimtaka aamue bila kujua anaamua nini.

Djuma, najua unanisikiliza. Sijasema mikono yako ni mibaya. Shingo iliyokazwa, bega lililochoka na mgongo wa mpakiaji magunia vinapata nafuu kwa kukandwa na kwa mazoezi. Lakini hata wale waliosomea kunyoosha uti wa mgongo, wanaoitwa wataalamu wa kiropraktia, kabla ya kumgusa mtu wanamuuliza na kumpima, na mgonjwa kama Célestin wangemkataa na kumtuma kwa mpasuaji. Anayekuja kwako, muulize kama ana ganzi, kama mguu unalegea, kama mkojo na choo viko sawa, kama ana homa, kama alianguka. Akijibu vibaya, usimguse. Pale hospitali kuna Jérémie, anayewafundisha wagonjwa mazoezi. Nimeongea naye, yuko tayari kukaa na wewe. Kwenda au kutokwenda ni juu yako.

Safia, uliniandikia tena kwamba Djuma hajakanyaga hospitali na kwamba unataka kwenda kumwomba msamaha. Usiende na msamaha, hujamkosea kwa kumpeleka bwana yako hospitali. Nenda na chakula, ukae, umweleze habari yote tangu mwanzo bila kuacha sehemu ya aibu. Akikufukuza, rudi nyumbani, na wiki ijayo nenda tena. Mtu aliyemrudia mwenzake porini hatakuwa na hasira ya maisha, lakini pia usitegemee imwishe kwa siku moja. Na kwa Célestin kazi ya magunia imekwisha. Mtafutie kazi ya kukaa na kusimama kwa zamu pale pale sokoni kwako, apime mchele.

Kabla sijasoma barua hii hewani nilimpigia Célestin kitandani kwake, nikamuuliza kama nibadilishe majina yenu. Akasema, “Hapana, Mama. Sema ni Célestin wa stesheni. Kuna wenzangu pale wanaficha kama mimi.”

Basi ninyi wa stesheni mmesikia. Ulizaneni leo.