Herufi Tupu za Duka la Miwani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo, na shemeji na watoto nao hawajambo. Sisi huku ni wazima, ingawa hilo neno "wazima" nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Hongera kwa saluni unayoifungua. Baba amefurahi kupita kiasi. Kila anayepita anamwambia kwamba yeye mzee atakuja huko, atapanda ngazi mwenyewe na kukuandikia jina ukutani. Hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika.

Wiki iliyopita tulipata kazi ya kuandika ukuta wa duka la miwani. Mwenye duka alituletea karatasi yenye herufi alizozipenda: mstari mwembamba kama uzi unazunguka umbo la herufi, ndani hamna kitu. O ni duara kamili, A ni pembetatu. Baba aliileta karatasi hadi puani, akacheka, akauliza kama herufi hizi zinaumwa au zimenyimwa chakula. Mimi nilizipenda. Kwa karibu zinapendeza kweli, ila ukivuka barabara ukuta unabaki mweupe. Nilipomwambia mwenye duka, alijibu kwamba ndivyo anavyotaka, watu wasogee.

Nilichora mistari yote asubuhi, nikaenda kununua rangi nyingine. Niliporudi nilimkuta baba juu ya ngazi anazijaza nyeusi. Unajua kazi yetu: mmoja anachora mstari, mwingine anajaza. Kwa baba, herufi tupu ni kazi ambayo haijaisha, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni mazoea tu. Lakini rangi ilikuwa imevuka mstari, na herufi ya tatu imeungana na ya nne. Baba yetu, dada! Yule aliyekuwa akitufinya masikio tukitoka nje ya mstari.

Nilisubiri mwenye duka afoke. Hakufoka. Aliutazama ukuta, akamtazama baba, akaniuliza pembeni macho ya mzee yameanza kumsumbua lini. Baba alisikia. Akawaka kwa hasira, akasema macho yake hayana neno, herufi ndizo zimekonda. Sikujua nimwamini nani, maana hata mimi kwa mbali sizioni.

Tulipaka ukuta upya, nikazichora tena peke yangu. Juzi nikaandika kibao cha saluni yako, cha kuweka mlangoni, kwa herufi nene ulizotaka, nyeusi tii, nikakiegemeza uani kikauke. Baba alisimama mbele yake kitambo. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nimerudia zile herufi tupu, nimletee brashi azijaze.

Zimejaa, dada. Nilizijaza mwenyewe.

Nilimletea brashi. Sikujua nifanye nini kingine. Akapaka nyeusi juu ya nyeusi, polepole, huku anaimba, na mimi nimesimama nyuma yake sijui nilie au nimnyang'anye.

Mimi hanisikilizi. Wewe ukimwita anaitika. Njoo kabla hujafungua saluni, umpeleke kwa yule mwenye duka la miwani, amekubali kumpima macho. Ngazi nimeificha kwa jirani. Ananiuliza iko wapi, nami namdanganya.

Wasalimie wote nyumbani, mwambie shemeji nimemkumbuka. Kibao chako kimekauka. Ukiona rangi imevuka mstari kwenye herufi ya mwisho, nakuomba usiirekebishe.

Ni mimi mdogo wako,
Bikari