Miale Kumi na Moja na Kipande cha Yuropiamu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Nasomea udaktari wa fizikia katika maabara moja hapa Ufini, tunachunguza viini vya atomi vilivyopungukiwa na nyutroni, ambavyo huishi kitambo kidogo tu, na vinapotulia hutoa miale ya gama, na nishati ya kila mwale hutuonyesha kiini kimejengwaje. Mwaka jana, katika siku kumi za majaribio, nilipata miale kumi na moja, yote yenye nishati moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwenye kiini chetu, na profesa wangu, Marjut, ambaye husifu mtu kwa kunyamaza, alisema "Vizuri," na kwenye chumba cha kahawa mwenzangu Tapani akaanza, "Mpisheni mwenye kiini chake, siku hizi hata kikombe haoshi," nikacheka, nilifurahi mno. Wiki iliyopita nilifungua daftari la zamu la majaribio yale nikakuta mwandiko wangu: nimeweka kipande cha yuropiamu, metali yenye mnururisho ambayo miale yake inajulikana, mbele ya vipimio ili kuvihakiki, kama tufanyavyo kabla ya kila jaribio. Sikuandika kwamba nimekitoa. Siku mbili baadaye Tapani ameandika, "Nimekikuta, nimekirudisha kabatini." Na yuropiamu hutoa mwale wenye nishati ileile ya miale yangu kumi na moja. Ijumaa Marjut anautangaza ugunduzi wetu mbele ya wageni wa nchi sita. Nikisema, nitamwaibisha na tasnifu yangu itavunjika. Nikinyamaza, pengine hakuna atakayejua. Nifanyeje?

Saimi

Saimi mdogo wangu,

Pole. Kusahau kitu kwenye zamu kunampata yeyote. Fizikia niliiacha shuleni, ila watu nawajua. Mtu mwenye shaka angeziondoa zile siku mbili kwenye hesabu, akaangalia kinachobaki. Umenieleza hadi habari za vikombe, hilo hukuligusa. Umeshaangalia, sivyo? Na hukupenda ulichokiona.

Basi acha hiyo "pengine" yako. Mwandiko wa Tapani uko kwenye daftari lilelile. Na hata asipolifungua mtu, Ijumaa utakaa ukumbini umpigie makofi Marjut kwa jambo unalojua si kweli. Hiyo ndiyo heshima unayompa?

Kesho asubuhi nenda ofisini kwake. Beba daftari na mchoro usio na zile siku mbili. Usianze na Tapani, wala na uchovu. Sema, "Nilikisahau mimi." Atakaa kimya muda mrefu, unamjua, usimjazie kimya hicho kwa machozi. Akishatamka neno la kwanza, lolote lile, ombeni pamoja siku nyingine kumi za majaribio.